Risala ya Wasanii Chipukizi wa Hip-Hop wa Ufipa kwa Televisheni za Muziki Nchini

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu wawakilishi wa vituo vya televisheni,
Ndugu maafisa utamaduni wa Manispaa ya Sumbawanga na wa halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo,
Wazazi wetu na wapenzi wa muziki,

Tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali kukaa nasi katika baridi hii ya Ufipa. Viongozi wengi wakija kwetu huja kwa ajili ya mahindi, mbolea na barabara. Wewe umekuja kusikiliza vijana wanaochana. Jambo hilo tunalithamini, na kwa sababu tunalithamini tutasema yaliyo moyoni bila kuyapaka rangi.

Sisi ni wasanii wa hip-hop na muziki wa kizazi kipya kutoka uwanda wa Ufipa. Tumo wa Mazwi, Majengo, Chanji na Kizwite hapa mjini, wa Laela na Mpui kwenye barabara ya Tunduma, wa Matai, wa Namanyere, na wengine wamepanda kutoka Kirando na Kasanga kule Ziwa Tanganyika. Miongoni mwetu kuna mafundi simu, waendesha bodaboda, wanafunzi, wakulima wa mahindi na maharage, na kina dada wanaouza migebuka sokoni. Mistari tunaandika usiku, kazi zikiisha. Hakuna hata mmoja wetu anayekula kwa muziki.

Kero yetu kubwa ni moja, nayo ndiyo imezaa nyingine zote: televisheni za muziki zinatufikia sisi, ila sisi hatuzifikii. Mkoa wa Rukwa una watu zaidi ya milioni 1.5 kwa sensa ya 2022. Watu hao wananunua ving'amuzi, wanalipia vifurushi, wanapiga kura za nyimbo kwa simu zao na wanaangalia matangazo ya biashara yanayowalisha wenye vituo. Lakini kijana wa Sumbawanga akitaka wimbo wake uonekane kwenye kioo kile kile, hakuna anayeweza kumwambia mlango uko wapi, unafunguliwa na nani na kwa masharti gani.

Hatuzichukii televisheni hizi. Zimetulea. Kaka zetu walijifunza kuchana wakiangalia EATV, ambayo wengi waliizoea kwa jina la Channel 5, kwenye sebule ya jirani au ndani ya kibanda umiza kabla mechi haijaanza. Pale ndipo tulipowaona kwa mara ya kwanza vijana wa Temeke, wa Nairobi na wa Kampala wakiwa na kofia na suruali kubwa, wanasema mambo ya mtaani kwao kwa lugha tunayoielewa. Baadaye ikaja Clouds TV, na mwaka 2018 Wasafi TV. Kila kituo kilipoanza tulisherehekea, tukiamini kwamba sasa nafasi imeongezeka. Vituo viliongezeka kweli, lakini sura zilizoonekana kwenye kioo zilibaki zile zile.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba ujue video moja ya huku inavyotengenezwa. Kamera tunaikodi kwa mpiga picha wa harusi, na yeye anapatikana katikati ya wiki tu kwa sababu Jumamosi ana sherehe. Tunakwenda hadi ukingo wa Lyamba lya Mfipa, bonde la Ziwa Rukwa likionekana chini, au kwenye yale matanuru ya kuyeyushia chuma waliyoyajenga mababu zetu, malungu yenye kimo kupita mtu, ambayo mengine bado yamesimama porini. Kama ni Julai, msanii anavaa sweta ndani ya jezi kwa sababu upepo hauchezi. Spika ndogo inacheza ngoma, na mpiga picha anakaa kinyumenyume kwenye bodaboda inayokwenda polepole ili picha itembee na mchanaji. Jioni vumbi limejaa kwenye lenzi na kila mtu amekauka midomo.

Kazi inayofuata ni ya kompyuta, na hapo tunategemea umeme. Kwa miaka mingi mkoa huu umetumia umeme unaotoka Zambia kupitia Mbala, nje ya gridi ya taifa, na sote tunajua maana ya umeme kukatika wakati kompyuta iko asilimia tisini ya kutoa video. Inaanza upya. Ikikamilika, faili ni kubwa na bando ni dogo, kwa hiyo inawekwa kwenye flashi, inafungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi la Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Ndugu anaipokea stendi ya Mbezi, anapanda daladala, anaifikisha mapokezi ya kituo. Pale jina linaandikwa kwenye daftari.

Baada ya daftari hakuna linalofuata. Wengi wetu hatujawahi kupata jibu lolote, hata la kukataliwa. Mwenzetu mmoja alibahatika kuongea na mtu kwa simu, akaambiwa kuwa video yake haina ubora. Akauliza ubora gani: picha, sauti, mavazi, maneno? Hakuelezwa. Siku chache baadaye alipigiwa na mtu mwingine aliyesema anafahamiana na watu wa ndani, akatajiwa fedha ambayo kwa kijana wa Matai ni magunia ya mahindi ya msimu mzima. Hatutaji kituo wala mtu, kwa kuwa hatukuja hapa kumfungulia yeyote mashtaka. Tunaomba utaratibu ambao hautampa mtu wa namna hiyo nafasi ya kupiga simu.

Katika hili la ubora tunataka tueleweke. Hatuombi huruma ya kupigiwa kazi mbovu. Tunajua picha yenye mikwaruzo inamkera mtazamaji na kwamba kituo kina ushindani. Lakini video za Bongo Fleva za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipigwa kwa kamera za kawaida, mchana, mtaani, na ndizo zilizowajenga wasanii ambao leo wanaitwa wakongwe. Kama masharti ya leo, yale yasiyoandikwa popote, yangekuwepo siku zile, nyimbo nyingi ambazo taifa zima linaziimba zisingetoka Manzese. Andikeni kiwango. Semeni picha iwe ya ukubwa gani, sauti iwe ya kiwango gani, maneno gani hayakubaliki. Sisi tutakifikia, hata kama itatubidi kuuza maharage.

Kuna kero nyingine ambayo inauma kuliko ya fedha. Jina la Sumbawanga likitajwa kwenye luninga, mara nyingi linatajwa kwa uchawi na radi. Wachekeshaji wametajirika kwa mzaha huo. Mmoja wetu akipata dakika tano za mahojiano, tatu zinaishia kwenye maswali ya ungo wa wachawi, na akiondoka pale hakuna aliyesikia jina la wimbo wake. Kwetu sisi huo si utani wa watani. Katika nchi hii wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengi wao akina mama waliokuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni tu. Kijana anayelelewa na bibi yake hapa Ufipa hana sababu ya kucheka anapoona chaneli ya vijana ikirudia tuhuma ile ile kama burudani. Na mtoto wa Dodoma au Pemba ambaye hajafika huku anakua akiamini kwamba mkoa mzima hauna kingine cha kumwonyesha.

Kingine kipo. Kuna maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wetu na Zambia. Kuna mafundi chuma waliotengeneza majembe kabla meli za Wazungu hazijafika Ziwa Tanganyika. Kuna wavuvi wa Kasanga, kuna mkulima anayeuza gunia kwa bei ya dalali, kuna foleni ya malori ya mahindi, kuna shule ambako mtoto anavuka mto kwa miguu. Hayo ndiyo tunayoyachana. Hip-hop ilizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, katika mitaa ambayo televisheni za Marekani ziliionyesha kwa moto na uhalifu tu. Vijana wale walishika kipaza sauti wakajieleza wenyewe, na sisi tunadai nafasi ya kufanya hivyo hivyo kuhusu Ufipa.

Historia inatupa haki ya kudai. MTV ilipoanza Agosti 1981 ilikuwa televisheni ya muziki iliyowaonyesha wasanii weusi kwa nadra sana, na ililaumiwa hadharani kwa hilo. Mwaka 1988 ikaanzisha kipindi kimoja tu cha rapu, Yo! MTV Raps, na kipindi hicho kikaingiza muziki wa vijana wa vichochoroni kwenye nyumba za nchi nzima na nje yake. Hawakujenga kituo kipya. Walitenga muda na wakamweka mtu anayeujua muziki ule ausimamie.

Hata hapa nyumbani ilikuwa hivyo. Radio One ilipoanza mwaka 1994, watangazaji wake Taji Liundi na Mike Mhagama waliwapa nafasi vijana waliokuwa wanarapu kwa Kiswahili wakati wakubwa wengi wanauita muziki huo uhuni. Bila mlango ule, Bongo Fleva ingechelewa sana, na pengine isingekuwa na jina. Tazama pia mikoa. Rapa Sugu alitoka Mbeya, jirani zetu hapa, akafika hadi bungeni mwaka 2010. Fid Q alitoka Mwanza. X Plastaz wa Arusha waliweka uimbaji wa Kimaasai ndani ya rapu, na dunia ikawasikiliza hadi Ulaya. Hakuna aliyewaambia kwamba sauti ya nyumbani kwao inapunguza ubora. Sisi tukiweka kibwagizo cha Kifipa ndani ya mashairi ya Kiswahili, tunaambiwa ngoma haitaeleweka Dar. Tunauliza, na tunaomba tujibiwe: Kimaasai kilieleweka vipi?

Wasichana wetu wana mzigo wao. Wapo wanaochana vizuri kuliko wengi wetu wa kiume, na tunalisema hili mbele ya wazazi wao waliomo humu. Lakini msichana wa Namanyere hawezi kupanda basi peke yake kwenda kumtafuta mtu wa kituo usiku katika ukumbi wa Dar es Salaam, na hatutaki aende. Zay B na Sister P walionyesha zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwamba mwanamke anaweza kuchana, na Chemical na Rosa Ree wakafuata. Njia ya kutuma kazi ukiwa nyumbani, na kujibiwa ukiwa nyumbani, kwa msichana ni suala la usalama wake. Hilo peke yake lingetosha kuwafanya wenye vituo wabadilishe utaratibu.

Kuhusu mirabaha hatutasema mengi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA inayosimamia hakimiliki ipo, na mwaka 2022 tulisikia kwa furaha kuwa mirabaha ya nyimbo zinazopigwa redioni imeanza kugawiwa. Lakini mgawo unategemea orodha ya nyimbo zilizopigwa, na msanii ambaye jina lake limekosewa au halikuandikwa kabisa hayumo kwenye mgawo. Wapo wenzetu ambao nyimbo zao zinachezwa kwenye mabasi, bajaji na minada, zimeingizwa kwenye memori kadi na vijana wa vibanda vya simu kwa mia mia, na wao wenyewe hawana hata nauli.

Sasa, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba na tunadai yafuatayo.

Kwenu wenye televisheni za muziki: bandikeni masharti ya kupokea video, kwa Kiswahili chepesi, mahali ambapo kila msanii atayasoma kwa simu yake. Mtu akituma kazi ajibiwe ndani ya siku 30, na ikikataliwa apewe sababu kwa maandishi. Tangazeni wazi, kwenye kioo chenyewe, kwamba wimbo haulipiwi ili upigwe, na toeni namba ambayo msanii aliyeombwa fedha ataripoti. Jina la msanii, la prodyuza na la mji anakotoka yaandikwe sawasawa, na orodha ya nyimbo zilizopigwa iwafikie wanaogawa mirabaha bila kuombwa.

Tengeni walau saa moja kwa wiki kwa wasanii chipukizi wa mikoani, kwa zamu ya mikoa, ili Rukwa isipate nafasi kwa bahati huku Katavi na Songwe zikisahaulika. Saa hiyo isiwe ya usiku wa manane. Iwekwe jioni, wakati watoto wametoka shule na bodaboda wanapumzika. Na angalau mara moja kwa mwaka timu yenu ya kamera ije huku. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ni ya lami, kilomita 224, basi linateleza. Uwanja wa Nelson Mandela umeshapokea mechi za Ligi Kuu, kwa hiyo kupokea jukwaa la hip-hop hautashindwa. Mtakapokuja, msishie mjini. Nendeni Kalambo, nendeni Kirando, pigeni picha palipo na watu.

Na uchawi acheni. Hatuombi kipindi cha kututetea. Mtangazaji amwulize msanii wetu kuhusu mistari yake, kama anavyowauliza wengine.

Kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano: mwaka 2018 mlipotaka masharti ya leseni yafuatwe, chaneli za ndani zisizolipiwa ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku, na huku Ufipa tulishuhudia luninga zikipungua chaneli ndani ya muda mfupi. Tulijifunza kwamba mamlaka ikiamua, vituo vinatii. Tunaomba nguvu hiyo hiyo itumike wakati wa kuhuisha leseni: kituo cha muziki chenye leseni ya taifa kiulizwe kimepiga kazi ngapi za wasanii wapya kutoka nje ya Dar es Salaam, na majibu yatangazwe. Tunaomba pia ada na masharti ya televisheni za mtandaoni viangaliwe upya kwa vijana wa mikoani. Kanuni za 2018 zilipotoka, kuanzisha chaneli yetu wenyewe kulihitaji zaidi ya shilingi milioni mbili za maombi na leseni. Ada zimeshushwa baadaye, tunashukuru, lakini kwa kikundi cha vijana wasio na ajira bado ni mlima.

Kwa BASATA, baraza la sanaa, na kwa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa: mikopo ya wasanii tunaisikia kwenye taarifa ya habari. Leteni maofisa wenu Sumbawanga wakae nasi siku kadhaa, wasajili watu, waeleze fomu inajazwaje na dhamana gani inakubalika kwa mtu ambaye mali yake pekee ni kinasa sauti na kompyuta ya mkononi.

Kwa halmashauri zetu, ombi letu liko mikononi mwenu na halihitaji kibali cha Dar es Salaam. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia nne ni ya vijana. Vikundi vya ufugaji kuku, kufyatua matofali na bodaboda vinapata. Kikundi cha muziki kikienda kinaulizwa kama muziki nao ni kazi. Tunaomba maafisa maendeleo ya jamii waelekezwe kuwa ni kazi. Tunaomba pia chumba kimoja katika jengo lolote la umma lisilotumika, kiwekewe sola na betri ili umeme ukikatika kompyuta isizime. Prodyuza tunaye, vifaa tutachangishana. Tukipata chumba hicho, video ya Ufipa itatoka Ufipa ikiwa imekamilika, na kiwango mtakachokiandika tutakifikia.

Nasi tuna ahadi zetu. Hatutatukana wazazi kwenye nyimbo. Hatutamdhalilisha mwanamke ili tuonekane. Kazi tutakayowatumia itakuwa yetu wenyewe, biti yetu na mashairi yetu, na tutasajili kila wimbo kabla haujatoka. Atakayekamatwa akihonga ili apigwe, hata akiwa rafiki yetu, tutamtaja sisi wenyewe kwa jina. Na kila mwaka tutawaleta hapa chipukizi wapya kutoka shule za sekondari, ili nafasi ikifunguliwa isije ikafungwa na sisi tuliotangulia.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba risala hii ifikishwe kwa maandishi kwa kila kituo cha televisheni ya muziki nchini, kwa TCRA, BASATA na COSOTA, na majibu yao yasomwe hadharani hapa hapa Sumbawanga ndani ya miezi mitatu. Wawakilishi wa vituo mliofika leo, kabla hamjapanda gari tunawakabidhi flashi yenye nyimbo zetu. Majina na namba za simu vimeandikwa juu yake. Tunasubiri mtupigie.

Naomba kuwasilisha.